Mkojo unaovuja ukikohoa au kabla hujafika chooni: jinsi ya kujua aina yako na kuudhibiti ukiwa na miaka 40 hadi 60

Chukua wanawake kumi wenye miaka hamsini na kitu, waliokaa kwenye kikao cha vikoba. Watatu kati yao huenda wanavuja mkojo, na kila mmoja anaamini yuko peke yake. Makadirio hayo yanatokana na utafiti mkubwa uliofanyika Nord-Trøndelag, Norwe, kati ya 1995 na 1997, ambao ulihoji wanawake 27,936. Robo yao walisema mkojo huwatoka bila kupenda. Kwa wenye miaka 50 hadi 54 kiwango kilikaribia 30%. Si wote walioteseka sawa: wale ambao kuvuja kwao kulikuwa kwingi na kuliwasumbua kweli walikuwa kama 7% ya wote. Na katika wote waliovuja, ni 26% tu waliowahi kumwona daktari kwa tatizo hilo, katika nchi ambayo hospitali haiko mbali na mtu.

Huku kwetu watu husema "ni umri" au "ni uzazi", kisha mazungumzo yanaisha hapo. Umri na uzazi ni kweli vinahusika. Lakini sehemu kubwa ya kuvuja hupungua, na kwingine hukoma kabisa, kwa mambo ambayo mwanamke anaweza kuyafanya nyumbani kwake bila kununua kitu, mradi ajue kwanza anavuja kwa aina gani. Wengi wanaokata tamaa walianza na dawa isiyo ya tatizo lao.

Jua aina yako kwanza

Jiulize: mara ya mwisho mkojo uliponitoka, nilikuwa nafanya nini sekunde hiyohiyo?

Kama ulikuwa unakohoa, unapiga chafya, unacheka, unanyanyua ndoo, unatwanga au unashuka kwenye daladala, na mkojo ukatoka papo hapo bila wewe kuhisi haja, hiyo tuiite kuvuja kwa kikohozi. Tumbo limesukuma, na mrija wa mkojo haukupata kitu cha kuushikilia. Fikiria mpira wa bustani. Ukiukanyaga juu ya saruji, maji yanakata. Ukiukanyaga juu ya matope, unadidimia na maji yanaendelea kutoka. Misuli ya chini ya nyonga ndiyo saruji yako, na ikilegea inakuwa matope.

Kama ulihisi haja ya ghafla isiyovumilika na mkojo ukakutangulia chooni, hiyo ni kuvuja kwa haraka. Hapa misuli ya kibofu chenyewe inajikaza bila ruhusa. Dalili yake maarufu ni ya mlangoni: unapoingiza ufunguo kwenye kitasa, haja inapanda maradufu. Wengine huwajia wakisikia bomba likimimina maji au wakitia mikono kwenye maji baridi.

Wengi wa umri huu wanayo yote mawili. Kule Norwe nusu ya waliovuja walikuwa na ya kikohozi peke yake, 36% walikuwa na mchanganyiko, na 11% ya haraka peke yake. Ukiwa na mchanganyiko, anza na ile inayokusumbua zaidi.

Zipo mbili nyingine ambazo mwongozo huu hauzitibu. Ya kwanza ni kudondoka matone muda wote huku ukihisi kibofu hakimaliziki hata baada ya kukojoa. Hiyo hutokea kibofu kinapojaa na kufurika, mara nyingi kwa mwenye kisukari cha miaka mingi kilichoharibu mishipa ya fahamu. Ya pili ni mkojo unaotoka mfululizo mchana na usiku, hata ukiwa umelala, hasa kama ulianza baada ya uzazi mgumu au upasuaji wa kizazi. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Linashonwa, na zipo hospitali zenye wataalamu wa kazi hiyo, kama CCBRT ya Dar es Salaam na Gynocare ya Eldoret. Wapo wanawake waliokaa na fistula miaka ishirini kwa kudhani ni laana, na hilo linaumiza kulisikia kwa sababu tundu hilo linaweza kushonwa.

Kwa nini wewe na si jirani yako

Uzazi ndio unaotajwa kwanza, na takwimu zinauunga mkono. Katika utafiti uleule wa Norwe, kwa wanawake wa chini ya miaka 65, waliovuja walikuwa 10.1% ya ambao hawajawahi kuzaa, 15.9% ya waliozaa kwa upasuaji tu, na 21.0% ya waliozaa kwa njia ya kawaida tu. Soma namba hizo vizuri. Mimba yenyewe, hata bila mtoto kupita njia ya kawaida, inalegeza. Na hata asiyezaa anavuja, mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo upasuaji si kinga ya kukimbilia kwa sababu hii peke yake. Mtoto mkubwa na mtoto aliyevutwa kwa koleo huongeza mzigo juu ya misuli na mishipa yake ya fahamu.

Swali linalokuja daima ni hili: nilizaa nikiwa na miaka 24, mbona naanza kuvuja nikiwa na 47? Misuli iliyojeruhiwa wakati wa uzazi huwa na akiba ya nguvu inayoficha jeraha. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Hedhi inapokaribia kukoma homoni ya estrojeni hushuka, ngozi ya uke na ya mrija wa mkojo huwa nyembamba na kavu, na hapo ndipo jeraha la zamani linajitokeza.

Uzito ni jambo la pili, na ndilo lenye habari njema kuliko yote kwa sababu linabadilika. Mafuta ya tumboni hukaa juu ya kibofu saa 24. Marekani walifanya jaribio kwa wanawake 338 wenye uzito uliozidi, matokeo yakachapishwa 2009. Kundi lililosaidiwa kupungua lilipoteza wastani wa 8% ya uzito kwa miezi sita, na mara za kuvuja kwa wiki zikashuka kwa 47%. Kundi lililopewa mafunzo ya jumla tu lilishuka kwa 28%. Kwa mama wa kilo 85, asilimia 8 ni kama kilo 7. Hahitaji kuwa mwembamba ili apate nafuu.

Mengine yanayoongeza hatari: kisukari, kikohozi kisichokwisha (kiwe cha sigara, pumu au kifua kikuu), kufunga choo kwa miaka, kutolewa kizazi, na damu ya ukoo, kwani binti na dada wa mwanamke anayevuja wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Kunyanyua vitu vizito kila siku, dumu la lita 20 kichwani au gunia mgongoni, huonyesha udhaifu uliopo. Usijilaumu kwa maji uliyoyachota, ila jifunze namna ya kuyanyanyua, tutaieleza.

Kagua pia dawa unazomeza. Dawa za presha za jamii ya enalapril, kaptopril na lisinopril huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha, na kikohozi hicho ndicho kinachovujisha. Dawa za kukojoza, kama furosemide, hujaza kibofu haraka. Prazosin na doxazosin hulegeza mlango wa mrija wa mkojo. Usiache dawa ya presha mwenyewe. Mpelekee daktari boksi lake, umweleze, naye atabadilisha au atakupangia saa nyingine ya kumeza.

Siku tatu za kupima

Kabla ya kubadilisha chochote, andika siku tatu mfululizo, moja ikiwa ya kukaa nyumbani. Unahitaji daftari, kalamu na kopo lenye vipimo. Kama huna kopo la vipimo, nunua bomba la sindano la ml 20 duka la dawa, lisilo na sindano. Vuta maji mara tano umimine kwenye kopo la plastiki linaloona ndani, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito: hapo ni ml 100. Endelea hadi ml 600. Kopo hilo liwe la kazi hiyo tu.

Kila unapokojoa, kojolea kwenye kopo, andika saa, kiasi, na kama ulivuja ulikuwa unafanya nini. Andika pia ulichokunywa. Mistari itaonekana hivi:

Saa 12:10 asubuhi, ml 420.
Saa 1:00, chai vikombe viwili.
Saa 2:00, ml 120, nimekwenda tu kabla ya kutoka.
Saa 3:15, ml 90, haja ya ghafla, imetangulia mlangoni.

Angalia mstari wa kwanza na wa mwisho. Kibofu hikihiki kilibeba ml 420 alfajiri bila kelele. Saa 3:15 kilipiga kelele kikiwa na ml 90 tu. Hakikujaa. Kimezoeshwa kuita mapema, na safari zile za "nimekwenda tu" ndizo zinazokifundisha. Mtu mzima kwa kawaida hukojoa mara tano hadi nane mchana, ml 250 hadi 400 kwa kila mara. Ukiona ml 80, 100, 120 siku nzima, kazi yako kuu itakuwa kufundisha kibofu.

Jumlisha mkojo wa saa 24. Ukizidi lita 3, pima sukari wiki hiyohiyo. Na kama zaidi ya theluthi moja ya mkojo wote unatoka usiku, tazama miguu: ikivimba jioni, maji yaliyojikusanya miguuni hurudi kwenye damu unapolala. Kuinua miguu juu ya mto saa nzima alasiri husaidia kuyatoa kabla ya usiku. Mwambie daktari pia, maana uvimbe huo una sababu yake.

Nenda hospitali kwanza, kabla ya mazoezi, ukiona lolote kati ya haya: damu kwenye mkojo (Unguja, Pemba na pwani huenda ikawa kichocho, lakini kwa mwanamke wa miaka 50 lazima na saratani ya kibofu iangaliwe), maumivu au homa, kuvuja kulikoanza ghafla ndani ya siku chache, ganzi sehemu za siri au udhaifu wa miguu, mkojo kukataa kabisa, au kinyama kinachotokeza ukeni. Ganzi hiyo pamoja na mkojo kukataa ni dharura ya siku hiyohiyo.

Na kipimo cha mkojo cha kijiti kifanywe kwa kila mtu. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huiga kuvuja kwa haraka kiasi kwamba huwezi kuvitofautisha kwa kuhisi.

Mazoezi ya kubana: kuyafanya sawasawa

Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandika 1948, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza kwa kuvuja kwa kikohozi. Uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliojumuisha majaribio mengi, ulikuta kwamba 56% ya wenye kuvuja kwa kikohozi waliofanya mazoezi haya waliripoti kupona, dhidi ya 6% ya wasiofanya.

Tatizo ni kwamba wengi wanayakosea. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 1991, wanawake 47 walielezwa kwa maneno tu namna ya kubana. Ni nusu tu waliofanya vizuri, na robo walikuwa wanasukuma chini, jambo linaloweza kuongeza kuvuja. Kwa hiyo usianze kuhesabu seti kabla hujahakikisha unabana kilicho sahihi.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae kitandani. Fikiria unazuia hewa isitoke nyuma mbele za watu. Bana hapo. Sasa, bila kuachia, leta mbano huo mbele kana kwamba unazuia mkojo, kisha uvute wote juu, ndani ya tumbo. Matako yametulia, mapaja yametulia, unapumua.

Hakikisha kwa kioo. Kishike kati ya mapaja utazame msamba, ile nafasi kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukibana, msamba unapanda na kuingia ndani. Ukiuona unatuna na kushuka, unasukuma: acha, pumua, anza upya. Njia nyingine ni kidole. Kata kucha, nawa kwa sabuni, ingiza kidole kimoja ukeni hadi kiungo cha pili, bana. Unatakiwa kuhisi kidole kimezungukwa na kuvutwa ndani, hata kama ni kidogo sana. Kidole kikisukumwa nje, ni kosa lilelile.

Makosa mengine ni kuzuia pumzi, kukaza matako hadi unainuka kitandani, na kukaza tumbo la juu. Hesabu kwa sauti unapobana. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Na usifanye mazoezi ya kukata mkojo katikati unapokojoa. Jaribu mara moja tu kama unataka kuijua misuli, basi. Ukiifanya kuwa desturi kibofu kinazoea kutomaliza.

Ukishapata misuli, ratiba ni hii. Bana na ushikilie kadiri unavyoweza bila kulegea, sekunde tatu zinatosha mwanzo. Achia kabisa, pumzika sekunde kama hizo au zaidi. Kupumzika ni nusu ya zoezi, kwa sababu msuli usioachia hauna pa kuvutia. Rudia mara nane. Halafu bana na kuachia haraka haraka mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kila wiki ongeza sekunde moja hadi ufike kumi. Wiki mbili za kwanza fanya ukiwa umelala, zinazofuata ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, kwa sababu mkojo unakutoka umesimama na msuli lazima ujifunze hapo.

Funganisha na jambo ambalo hulisahau: kabla ya kutoka kitandani, unaposubiri chungu kichemke mchana, na ukishashusha chandarua usiku.

Sasa muda. Misuli hii ni kama misuli mingine, haikui kwa wiki. Mwezi wa kwanza huenda usione kitu, wiki ya sita wengi huanza kuona nguo ya ndani imekauka siku kadhaa, na hukumu halali hutolewa baada ya miezi mitatu. Wanaosema "nilijaribu hayakusaidia" mara nyingi waliacha wiki ya tatu, au walikuwa wanasukuma. Baada ya kupata nafuu usiache moja kwa moja. Seti moja kwa siku inatunza ulichokijenga.

Kama ukibana hakuna chochote kinachosogea, au inauma, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga, hasa kwenye hospitali za rufaa. Kuna wanawake ambao misuli yao haikulegea bali imekakamaa, na kuwazidishia kubana ni kuwaumiza. Tafadhali pia acha shabu, ugoro na vidonge vya kuingiza ukeni "vya kubana". Vinakausha na kuchubua ngozi, havigusi msuli hata kidogo, na mwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba kwa kukoma hedhi anaumia mara mbili.

Bana kabla ya kukohoa

Mbinu hii inaleta faida mapema kuliko zote: bana sekunde moja kabla ya msukumo, shikilia hadi upite, kisha achia. Katika jaribio dogo la Marekani la 1998, wanawake waliojifunza mbinu hii kwa wiki moja walipunguza mkojo unaotoka kwa kikohozi cha wastani kwa 98%, na kwa kikohozi kikali kwa 73%. Misuli haikuwa imekua kwa wiki moja. Walijifunza wakati tu.

Kikohozi na chafya huwa na dalili ya kuja. Dalili ikija, bana. Kabla ya kuinua ndoo: karibia, kunja magoti, bana, toa pumzi wakati unainua. Usizuie pumzi ukiinua, maana hapo tumbo linasukuma kibofu kwa nguvu zote. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na ukiligawa kwenye madumu mawili ya kumi umefanya jambo la maana. Kama unajitwika, omba mtu akuinulie hadi kichwani. Kwa anayeswali, bana kabla ya kushuka sujudi na kabla ya kusimama.

Kufundisha kibofu chenye haraka

Rudi kwenye daftari. Tafuta muda unaoweza kukaa bila shida kati ya kukojoa na kukojoa. Tuseme ni saa moja. Wiki ya kwanza nenda chooni kila baada ya saa moja kamili, uwe na haja au huna, haja ikija kabla usiende. Wiki inayofuata saa moja na robo. Ongeza robo saa kila wiki hadi ufike saa tatu. Usiku usihesabu. Ipe wiki sita angalau. Ukishindwa wiki fulani, rudi robo saa nyuma, ukae hapo wiki nyingine. Kurudi nyuma kidogo si kuanza upya.

Kazi yote iko kwenye zile dakika mbili haja inapopiga kabla ya saa. Kosa la kila mtu ni kukimbia. Ukikimbia tumbo linatikisa kibofu, akili inahangaika, na mkojo unatoka. Simama palepale. Ukiweza kaa kwenye kitu kigumu, ukingo wa kiti au ngazi, kikugandamize msamba. Bana na kuachia haraka mara tano au sita. Mbano huo hupeleka ujumbe kwa kibofu kwamba kilegee. Pumua taratibu, hesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba: 93, 86, 79. Haja ni wimbi, inapanda kisha inashuka. Ikishashuka, tembea, usikimbie. Kwa haraka ya mlangoni, bana kabla hujatoa ufunguo mfukoni.

Maji, chai na choo

Kosa kubwa la wanaovuja ni kuacha kunywa maji. Mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chai unachokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, na UTI inakaribishwa. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili, zaidi kidogo kama ni Desemba Dar au unafanya kazi juani, na uache saa mbili kabla ya kulala. Kinachofaa kupunguzwa ni kafeini: chai ya rangi, chai ya maziwa, kahawa, kola na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Usikate ghafla, kichwa kitauma. Punguza kikombe kimoja kila siku chache, uone kwa wiki mbili kama daftari linabadilika.

Kuhusu choo kigumu, utumbo uliojaa unasukuma kibofu, na kujikamua kila siku kunalegeza misuli ileile unayoijenga. Dona badala ya sembe, maharage, mboga za majani na papai hufanya kazi nzuri. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, uiname mbele.

Kujistiri wakati unasubiri nafuu

Pedi ya hedhi haikutengenezwa kwa mkojo. Damu ni nzito na inakuja polepole, mkojo unakuja kwa kishindo na pedi hiyo inalowa juu na kuchubua ngozi. Kama zipo karibu nawe, tafuta pedi za mkojo. Kama unatumia vitambaa, kanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne inafaa kuliko kitambaa cha nailoni. Badilisha kikishalowa, fua kwa sabuni, anika juani. Osha ngozi kwa maji, kausha kwa kugandamiza bila kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo. Usitumie dettol wala sabuni kali ukeni.

Kwa Mwislamu anayehangaika na swala, fikihi imemwekea njia. Mwenye kuvuja mfululizo, kiasi kwamba hapati muda wa kutawadha na kuswali akiwa mkavu, hujisafisha, hujifunga pedi, hutawadha wakati wa swala ukishaingia na kuswali faradhi hiyo, hata tone likitoka katikati. Anayevuja mara mojamoja tu, udhu wake hutenguka kama wa mtu mwingine. Mpaka kati ya hao wawili muulize sheikh unayemwamini, maana wengi wameacha kwenda msikitini kwa kutojua kuwa hukumu ipo.

Ukienda kliniki

Baada ya miezi mitatu ya mazoezi sahihi, au mapema kama una dalili zile za hatari, nenda. Yapo mengi ya kufanyiwa. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni husaidia waliokoma hedhi, hasa wenye ukavu na haraka. Vidonge vya homoni vya kumeza havifai kwa tatizo hili, vimeonekana kuongeza kuvuja. Pete ya silikoni inayowekwa ukeni hubeba kizazi kilichoshuka. Vidonge vya kutuliza kibofu, kama oxybutynin, solifenacin na mirabegron, ni vya kuvuja kwa haraka tu, na viwili vya kwanza hukausha mdomo na kufunga choo. Upasuaji ni wa kuvuja kwa kikohozi kulikoshindikana. Ukiambiwa utawekewa wavu wa plastiki, uliza kama ipo njia ya kutumia nyama ya mwili wako mwenyewe: Uingereza ilisitisha matumizi ya wavu huo Julai 2018 kwa sababu ya wanawake waliobaki na maumivu ya kudumu.

Beba daftari la siku tatu na maboksi ya dawa zako. Ukiingia, anza na neno lenyewe: "Daktari, navuja mkojo," halafu useme unavuja ukifanya nini, mara ngapi kwa wiki, na tangu lini. Ukianza na mgongo au kichwa, dakika kumi zitaisha kabla hujalifikia. Ukiandikiwa antibaotiki bila mkojo wako kupimwa, omba upimwe kwanza. Na usikojoe ukiwa kwenye foleni kama unaweza kuvumilia. Daktari anayejua kazi atakuomba ukohoe huku anatazama, na kibofu kikiwa kitupu hataona kitu, utarudishwa nyumbani ukiambiwa uko sawa.